Benchi la Mama Mkwe

Kazi ya kocha msaidizi ni kuchoka kwa niaba ya mtu mwingine. Timu ikishinda, kocha mkuu anabebwa mabegani. Ikishindwa, watu wanaulizana yule mwingine pale benchini alikuwa anafanya nini. Domitila aliifanya kazi hiyo miaka mingi, na kama kuna mtu Bariadi nzima aliyekuwa na haki ya kuilalamikia, ni yeye. Hakulalamika. Alikuwa amechoka kiasi kwamba hata kulalamika aliona ni kazi nyingine ya kuongezewa bure.

Mpira wa kikapu alijifunzia Jeshi la Kujenga Taifa, wakati ule msichana mrefu, mkavu, mwenye viganja vipana. Aliporudi nyumbani ushirika ukampa kazi ya mizani kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, na kwa kuwa zama zile kila kiwanda kilikuwa na timu ya kila mchezo, wakamtia pia kwenye timu ya kikapu ya wanaume amsaidie kocha. Wanaume walicheka. Kisha wakaona anavyoudaka mpira, wakatafuta kitu kingine cha kuchekea. Makocha wakuu walikuja na kupita. Mmoja alihamishiwa Shinyanga, mwingine aliacha akaenda kuuza mitumba, na kila aliyefika alimkuta Domitila pale pale, anajaza mipira upepo na kupanga nani aanze na nani asubiri. Mumewe alifariki katikati ya miaka hiyo. Akabaki yeye na binti yake Nyamizi.

Halafu likaja soko huria. Makampuni yakaingia na magari mapya, yakawa yananunua pamba hadi Zagayu na Dutwa, na ushirika uliozoea kununua peke yake ukaanza kuyumba. Haukupita muda mrefu kiwanda kikauzwa. Aliyekinunua ni mfanyabiashara wa Mwanza aliyeitwa Marcelo, mtu wa tumbo kubwa na maneno machache, na jambo la kwanza alilofanya ni kupunguza watu. Mizani wakakabidhiwa vijana wake. Domitila, pamoja na wenzake wengi, akaambiwa asante.

Lakini Marcelo alikuwa na udhaifu mmoja, nao ni mpira wa kikapu. Akatangaza kwamba timu haitavunjwa, tena wachezaji watakuwa wa kulipwa, kazi yao iwe kucheza tu. Wachezaji wa kulipwa, Bariadi! Watu walidhani mzee anatania mpaka walipoona vijana wanapokea mshahara kweli. Na Domitila akabakishwa kwenye timu, kwa muda.

"Kwa muda" hiyo ndiyo iliyokuwa ikimkosesha raha. Siku moja Marcelo alisimama pembeni ya uwanja, ile sakafu ya saruji nyuma ya ghala, akawatazama makocha wake wawili.

"Makocha wawili wa nini?" akamuuliza Januarius, kocha mkuu. "Gari moja, usukani mmoja."

"Bosi, huyu mama ana msaada wake."

"Msaada gani? Nionyeshe."

Januarius akajikuna kichwa. Utamwonyeshaje mtu kitu kama kile? Marcelo akasema basi, timu ya Mwanza inakuja, atakaa atazame kwa macho yake mwenyewe, na baada ya mchezo ataamua kama anaendelea kumlipa msaidizi au la. Domitila alisikia yote. Umri wake haukuwa wa kuanza kutafuta kazi, shamba la marehemu walikuwa wanalilima shemeji zake, na zaidi ya hayo, ile sakafu ya saruji ndiyo mahali pekee duniani alipojiona ni mtu.

Januarius hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na sauti, alikuwa na filimbi, na alijua kugombana na waamuzi hadi wakasahau walichokuwa wameamua. Ila akishaanza kugombana haoni kitu. Yeye hutazama mpira. Domitila alikuwa akitazama miguu. Alijua nani amechoka kabla mwenyewe hajajua, alijua yule wa upande wa pili hupenda kuzungukia kushoto, na alikuwa akimnong'oneza Januarius pale benchini, naye Januarius anapayuka kile kile alichonong'onezwa. Ndivyo walivyoshinda michezo mingi. Wala hapakuwa na udanganyifu. Walikuwa wamezoeana hivyo, kama watu wawili wanaobeba gogo moja.

Na katika kazi zote za mikono yake, kubwa zaidi ilikuwa Kija.

Kija alitoka Dutwa, mtoto wa wafugaji, kimo cha ajabu, miguu iliyokuwa haijui iende wapi. Alipofika alikuwa anaubeba mpira kifuani kama ndama mgonjwa. Domitila ndiye aliyemshika mabega akayageuza, akampiga kofi la goti ili alikunje, akamwambia, "Ng'wanone, mwanangu, wewe si nguzo ya simu." Miaka ikapita. Kija akawa mchezaji ambaye watu wa Mkula walipanda baiskeli kuja kumtazama. Na akiwa anakuja nyumbani kwa kocha wake kunywa uji, akamwona Nyamizi.

Domitila alifurahi. Tuseme ukweli, alifurahi kupita kiasi, na hapo ndipo alipokosea. Wazazi wa Kija walipotuma washenga, angeweza kusema ng'ombe wangoje, mchezo wa Mwanza upite kwanza. Shemeji zake wasingekataa. Lakini yeye alikuwa na haraka ya mtu aliyeona mambo mengi yakiharibika na sasa anaona moja likienda vizuri. Akasema walete. Ng'ombe wakaja kutoka Dutwa, vigelegele vikapigwa, harusi ikapangwa Jumamosi ya kwanza baada ya mchezo. Alidhani mila itakaa nyumbani na ukocha utakaa uwanjani.

Kesho yake mazoezini Kija alimwona Domitila amesimama katikati ya uwanja. Akageuka, akazunguka ghala lote, akaingilia upande wa pili, akasimama amempa mgongo.

Kwa Wasukuma mkwilima, yaani mkwe wa kiume, hamtazami mama mkwe usoni. Hampi mkono, hakai naye karibu, na wakikutana njiani mmoja hupisha. Mjini wapo waliokwisha kulegeza, lakini Kija alilelewa na watu wasiolegeza. Domitila akimwambia rudi nyuma kidogo, Kija anatazama saruji. Akisogea karibu, Kija anarudi nyuma hadi anatoka nje ya mstari. Mpira aliopasiwa ukampita begani, na wenzake wakaangua kicheko.

"Mkwe wako anakuogopa kuliko Mwanza nzima," Januarius akasema.

"Haniogopi. Ananiheshimu."

"Basi aiambie heshima yake ingoje mchezo upite."

Domitila alijaribu. Alimfuata, akanyoosha mkono ayashike mabega yake kama siku zote, amrekebishe. Mkono ukagoma. Yeye Mkatoliki, mama wa kwaya, mtu aliyelala kambini jeshini na wasichana wa kila kabila, akaona mkono wake mwenyewe unakuwa mzito kwa aibu. Akaurudisha. Siku hiyo hiyo jioni kukaja habari kutoka Dutwa kwamba mama yake Kija ameuliza: ni kweli mwanawe anafokewa na mama mkwe wake mbele za watu, akiwa amevaa kaptula?

Siku zilizobaki zilikuwa mbaya. Domitila akiwa benchini, Kija anacheza kama mtu aliyefungwa kamba. Akiondoka kwenda hata chooni, Kija anafunguka. Kila mtu aliona. Naye aliona kabla yao, maana kuona ndiyo kazi yake. Akakaa benchini hata hivyo, siku moja zaidi, mbili zaidi, kwa sababu benchi hilo ndilo Marcelo alilokuwa akilitazama. Mwishowe akakata shauri. Siku ya mchezo, watu wakiwa wamekwisha panda juu ya robota za pamba, alimwita Januarius pembeni.

"Mimi sikai pale leo."

"Mayu, mama yangu, utakuwa umejifukuza mwenyewe. Bosi amekuja kukutazama wewe."

"Nikikaa, Kija hachezi. Kija asipocheza, tunafungwa. Tukifungwa nitakuwa nimebaki na benchi la nini?"

Domitila akaenda kukaa kwenye kibanda cha mizani, alikofanya kazi zamani, nyuma ya nguzo, mahali ambapo yeye aliona uwanja na uwanja haukumwona. Mlangoni pa kibanda palikuwa na mtungi wa maji ya kunywa.

Kipindi cha kwanza Kija alicheza kwa raha. Domitila alimtazama kwa jicho moja tu, maana hata kumtazama sana aliona haya. Alitazama wengine. Kipindi cha pili watu wa Mwanza walibadilisha mchezo, wakamwekea Kija watu wawili, na Novatus, mchezesha mpira wetu, akaanza kushika kaptula yake magotini kila mpira unaposimama. Alikuwa amekwisha. Januarius hakumwona, alikuwa anamweleza mwamuzi habari za wazazi wake.

Muda wa kupumzika ulipoombwa, Januarius alikuja mbio mtungini kunywa maji.

"Mtoe Novatus," sauti ikatoka nyuma ya nguzo. "Na mwambie Kija asilazimishe. Wawili wakimjia, kuna mtu mmoja huru. Ampe huyo."

Januarius akameza funda moja, akarudi. Novatus akatoka. Kija akawa anapasi, na vikapu vikaanza kuingia kutoka mahali ambapo Mwanza hawakutegemea. Baada ya muda Januarius akaona kiu tena. Akaambiwa yule mrefu wao ana makosa mengi, mwendeeni huyo huyo. Wakamwendea, akakosea tena, akatolewa. Mara nyingine kiu ilimshika mchezo ukiwa unaendelea, akaondoka benchini huku watu wakishangaa.

"Kocha huyu anakunywa maji sana," Marcelo akamwambia jirani yake. "Lakini akishakunywa anakuwa na akili."

Wakashinda. Kwa tofauti ndogo, ya kukaza roho, lakini walishinda, na watu wakaruka kutoka kwenye robota hadi nyingine zikaporomoka. Domitila pale kibandani aliushika mdomo wake kwa mikono miwili. Alilia kidogo. Alikuwa na furaha kana kwamba amecheza yeye.

Marcelo akapanda juu ya robota iliyobaki imesimama. Akampongeza Januarius, akasema huyo ndiye kocha, mtu anayejua kubadilisha mchezo katikati ya mchezo, na kuanzia leo mshahara wake umepanda. Makofi. Kisha akasema, kwa sauti ile ile, bila ubaya wowote:

"Na lile jambo la msaidizi naona limejimaliza lenyewe. Nimekuja kumtazama, hakuonekana benchini. Na tumeshinda. Waswahili wanasema asiyekuwepo na lake halipo."

Watu wakacheka, maana bosi akitania lazima kucheka. Domitila alikuwa amekwisha toka kibandani, amesimama nyuma ya kundi. Akamtazama Januarius. Sentensi moja ingetosha. Hata nusu yake. Januarius alimwona, akafungua mdomo, akatazama mikono iliyokuwa ikimpongeza, akautazama uso wa Marcelo, kisha akaufunga.

"Asante, bosi," akasema.

Alikuwepo mwingine aliyejua maneno yale ya mtungini yalikuwa ya nani. Kija alisimama katikati ya wenzake, jasho linamtiririka, na alipogeuka tu macho yake yakamwangukia mama mkwe wake. Hapo hapo akayashusha chini. Akarudi hatua nyuma ya Ndaki, mchezaji mwenzake, akajificha kama desturi inavyotaka. Watu wakasema tazameni kijana mnyenyekevu. Lakini Domitila aliona taya lake linavyocheza, akajua ana maneno mdomoni na hawezi kuyatoa yeye akiwa pale. Mmoja alinyamazishwa na mshahara, mwingine na heshima. Yule wa mshahara, Domitila alimkasirikia. Yule wa heshima alimwuma zaidi, kwa sababu alikuwa anafanya sawasawa.

Angeweza kuondoka upesi, ili Kija apate nafasi ya kusema. Alilifikiria hilo. Lakini aseme nini? Kwamba kocha wa kweli ni mama wa mchumba wangu, na mimi ndiye niliyemtoa benchini kwa kumwonea haya? Mbele ya bosi anayetafuta wa kupunguza? Domitila akafunga kanga yake vizuri, akaondoka taratibu kama mtu asiye na haraka na lolote.

Nyamizi alimkuta amekaa mlangoni, amevua viatu, miguu imevimba. Binti alikuwa amekwisha kusikia. Habari mbaya Bariadi haihitaji gari.

"Mama, mimi nitakwenda kwa bosi. Nitamwambia yote. Mimi sina mwiko naye."

"Utamwambia mchumba wako alishindwa kucheza nikiwepo. Halafu?"

"Halafu ajue!"

"Akijua atasema basi, kumbe mchezaji mwenyewe ana kasoro. Kaa chini."

Nyamizi akakaa. Alikuwa analia kwa hasira, na mama yake alimwacha alie. Kutoka upande wa kiwandani sauti za watu wakiimba jina la Januarius zilikuwa bado zinakuja, zikipotea na kurudi kwa upepo.

"Hujuti, mama?"

Domitila hakuwa mtu wa kumpamba mtoto uongo. Alijisugua goti, akafikiria ile saruji ambayo kesho asubuhi hataikanyaga, na vijana ambao hakuna atakayewatazama miguu.

"Najuta," akasema. "Najuta kabisa. Na Jumamosi utaolewa."