Kompyuta Imebadilika, Bi Chapuchapu Habanduki

Saa mbili na robo asubuhi. Katika kibanda cha uchapaji kinachotazamana na lango la mahakama, wateja wanne wamebanana kwenye benchi. Bi Chapuchapu, miaka hamsini na minne, ameinama mbele ya kompyuta, pua karibu iguse skrini. Kipanya amekipindua chali na kukisukuma kando.

"Huyo nimemfukuza kazi," anasema bila kugeuka.

Amechapa viapo, barua na mikataba hapa kwa miaka ishirini na miwili. Macho yalipoanza kufifia, alitia vitone vya rangi ya kucha kwenye fremu ya skrini: chekundu chini kushoto, pa kufungulia kazi, cha bluu juu, pa kuhifadhi. Mkono ukawa unakwenda wenyewe.

Kisha, miezi miwili iliyopita, kompyuta ilijisasisha. Alama ya kubofya iliyokuwa kushoto mwa skrini ikahamia katikati, nyingine zikajificha. Bi Chapuchapu akamvaa dada anayefagia kibanda.

"Nilimwambia, wewe umepangusa skrini ukavuruga vitu vyangu! Maskini, akaapa kwa watoto wake. Kesho yake nilimwomba radhi. Niliona aibu jamani."

Kurasa arobaini kwa siku zikashuka hadi kumi na mbili. Siku moja, akifuata vitone vyake, alifunga kiapo cha mjane bila kukihifadhi. Alipomaliza kukiandika upya, dirisha la karani wa mahakama lilikuwa limefungwa, na mjane akarudi nyumbani mikono mitupu.

Mwenye kibanda, ambaye ni shemeji yake, alimpa hadi mwisho wa mwezi huu. Kasi isiporudi, kiti anapewa mwingine.

"Eti, 'Shemeji, haya mambo ya kisasa, wewe pumzika.' Kwani mimi ndiye niliyebadilika? Si wao, wanaotengeneza hizi kompyuta! Wangeuliza hata mtu mmoja anayekaa nayo kutwa."

Ana haki ya kufoka. Lakini hakuishia kufoka.

Aligundua kwamba vitufe vya kibodi havijahama. Kuhifadhi, kufungua, kuchapisha, kila kazi ina vitufe vyake vya kubonyeza pamoja. Alikariri michanganyiko thelathini na mmoja, mumewe akimsikiliza huku akimenya viazi.

"Baba watoto hajawahi kugusa kompyuta, lakini ukimwamsha usingizini anakutajia yote," anasema, akicheka.

Mteja wa kwanza, mzee mmoja, anataka kiapo kabla ya saa tatu. Vidole vinakimbia, printa inanguruma, na baada ya dakika kumi na moja mzee anavuka barabara na karatasi yake.

Jana alifikisha kurasa thelathini na nne. Zimebaki siku tisa, na shemeji ameacha kutaja neno pumzika.

Sasa anaandika orodha ya michanganyiko hiyo kwa herufi kubwa, awagawie wachapaji wote wa mtaa huu.

"Wakibadilisha tena, wabadilishe," anasema. "Kuna wenzangu watatu walioondoka kimyakimya, wakidhani wamezeeka. Nitawafuata nyumbani, mmoja mmoja, niwarudishe kazini."