Walioikimbia Halbadiri

Mwanangu wa mwisho alikuwa golikipa, na mimi mpira siupendi. Naomba hilo lijulikane mapema, maana wapo mpaka leo wanaodhani niliumia kwa sababu tulifungwa. Tulifungwa, ndiyo. Kufungwa si msiba. Mtu akifungwa anaoga, anakula, analala, na mpira upo palepale kesho.

Siku ile timu ya vijana ya Pemba ilicheza na ya Unguja, uwanjani Chake Chake, na mvua ilinyesha tangu adhuhuri. Mwanangu alikuwa na miaka kumi na saba. Alidaka vizuri mpaka mwisho mwisho, nilivyoambiwa, halafu ukaja mpira mwepesi, wa kudakwa hata na mimi na buibui langu, ukamponyoka mikononi, ukaingia. Bao moja kwa bila. Alirudi kwetu Micheweni kalowa chapachapa. Binamu yake, mtoto wa kaka yangu, alikuja naye, akala kwetu muhogo wa nazi kama siku zote, akampiga bega akamwambia mpira ndivyo ulivyo. Nilimshukuru moyoni kwa neno lile.

Asubuhi yake ndipo walipoanza kuja watu wema. Simu yangu ilikuwa kitochi, ya kupiga na kupokea basi, na ningeweza kuishi miaka mia bila ya kujua kilichoandikwa mtandaoni. Lakini watu wema hawakukubali. Jirani alikuja na simu yake mkononi, uso umemkunjamana kwa huruma. "Mwalimu, pole. Hebu tazama walivyomwandika mwanao." Akaninyooshea. Akaja wa pili, na wa tatu. Shuleni mwalimu mwenzangu aliniita pembeni, kumbe naye ana pole yake ya kunisomea. Sijapata kuona pole zinazochoma vile. Mtu anakuletea tusi mlangoni, anakushikisha, halafu anakuombea subira.

Niliyasoma. Mmoja kaandika kwamba gunia la karafuu lingewekwa golini lingedaka zaidi. Mwingine kakichukua kichwa cha mwanangu akakipachika kwenye mwili wa kuku. Walisema kala hongo ya Waunguja. Walisema kwao ni watu wa chama fulani, kwa hiyo kauza mechi kwa amri. Mmoja alimwambia ajitie kitanzi awapunguzie aibu. Na mmoja, huyu sitamsahau, aliandika: bora baba yako kafa, hakuyaona haya. Baba yake alikuwa ametangulia mbele ya haki miaka miwili nyuma, na mtoto alikuwa ndio kwanza anaanza tena kucheka.

Nimefundisha darasa la kwanza zaidi ya nusu ya umri wangu. Karibu kila kijana wa kwetu anayejua kuandika, nilimshika mkono mimi kwa a ya kwanza. Ukinipa karatasi nitakuambia hati hii ya fulani, huyu kalamu huibana, huyu herufi zake hulala upande wa kibla. Lakini kwenye simu herufi zote zimesimama sawasawa, na majina ni ya bandia: simba wa wapi, mfalme wa nini. Niliyakodolea macho maneno yale mpaka yakanitoa machozi na sikumjua hata mmoja. Nilijisikia mjinga.

Sisi watu wa Pemba kuchukiana si kwamba hatukujui. Vilipoingia vyama vingi tulisusiana mpaka maziko. Duka hili usinunue, kisima kile usiteke, harusi ile usiende. Mimi mwenyewe kuna mwanamke sikumwitikia salamu kutoka uchaguzi mmoja mpaka uchaguzi mwingine, na yeye hakuniitikia, na tulikuwa tunatazamana usoni kila siku ya Mungu. Yalikuwa mabaya yale, siyasifu. Lakini nilijua nani kaninunia, na siku tulipochoka nilijua mlango gani wa kubisha hodi. Haya ya mwanangu hayakuwa na mlango.

Mwenyewe aliyachukua vizuri kuliko mimi. Alikuwa kaitwa Unguja kwa majaribio, mwezi uliofuata. Klabu kubwa ya huko ilimwona kabla ya mechi ile na haikufuta wito. Tangu utotoni hakutaka kitu kingine. Kwa hiyo kila siku baada ya sala ya alasiri alichukua glavu zake akaenda uwanjani, na mimi nikimtazama mgongo wake mpaka anapotea. Nikimuuliza husema, "Mama, wano ni watu wa mbali. Wa Unguja, wa Dar, hawanijui, siwajui. N'shughulike nao wa nini?" Nami nikimwambia, ndiyo mwanangu, ni watu wa mbali. Niliamini hivyo. Nani wa karibu angeandika vile?

Mama yangu ndiye hakuridhika. Alikuwa mzee, haoni vizuri, na aliambiwa habari ya simu kama mtu anayesimuliwa habari ya majini. Aliuliza jambo moja tu. "Hawaonekani nyuso?" Nikamwambia hawaonekani. "Basi wasomewe Halbadiri."

Kwetu mtu akiibiwa au akizuliwa na asimjue aliyemtenda, humpeleka kwa Mungu. Hukusanyika watu, huchomwa ubani, hutajwa majina ya watu wa vita vya Badri, na kisomo kile humtafuta mwenye hatia popote alipo. Wengine huvimba tumbo, wengine hupata wazimu, ndivyo isemwavyo. Na ili asionewe mtu, hutangazwa kwanza siku kadhaa kabla, aliyetenda apate kujitokeza atake radhi. Mimi nilikuwa nikiogopa mambo hayo. Lakini nilikuwa nimechoka, na hapakuwa na polisi wala sheha wa serikali wala mwalimu mkuu aliyejua la kunisaidia. Wote nilikwenda kwao, na wote waliniambia nimnunulie mtoto simu isiyoingia mtandao. Basi mama akamtuma mtu kwa shehe wa msikiti wetu, na Ijumaa ikatangazwa kwamba wiki ijayo watasomewa waliomtukana yule kijana golikipa, popote walipo, nchi kavu na baharini.

Mama alifurahi. "Tungoje tumbo la mtu wa Dar livimbe," akasema.

Jumamosi asubuhi alinijia muuza samaki. Yeye hupita na baiskeli yake, husimama njiani akaita, lakini siku ile aliiegesha akaja mpaka barazani, akavua kofia. "Mwalimu, mie n'na neno. Ile ya gunia la karafuu… ile yangu miye. N'lifanya mzaha tu. Nitoe katika kisomo, nina watoto." Nilimtazama mtu ambaye kanipimia samaki, changu na tasi, kwa miaka kumi.

Hajafika njiani kaja wa pili. Halafu siku nzima wakawa wanakuja mmoja mmoja, wanachungulia kwanza kama yupo mwenziwe. Fundi wa pikipiki, ndiye mwenye picha ya kuku. Kijana wa duka la dawa, ndiye wa kitanzi, analia, anasema alikuwa na hasira, alikuwa kawekeana dau na wenziwe. Akaja mwanamke wa kikundi chetu cha kulima mwani akaniuliza kwa sauti ya chini, "Bi Mwalimu, mie sikuandika, wallahi. N'licheka tu, nikatia kile kiuso cha kucheka. Hicho nacho chahesabiwa?" Nikamwambia simjui Mungu anavyohesabu. Siku nyingine ningecheka.

Wote walitaka jambo moja, watolewe. Hakuna hata mmoja aliyeuliza mtoto yuko wapi. Na alikuwa ndani. Nyumba yetu ina pazia tu baina ya baraza na chumba chake, na Pemba ukishamsikia mtu akipiga hodi huna haja ya kumwona.

Wa mwisho alikuja baada ya magharibi. Mtoto wa kaka yangu. Hakukaa. Alisimama akiing'ang'ania nguzo ya baraza, akasema, "Shangazi, lile la babake." Nilimwambia aende zake. Sikumwambia kwa hasira. Nilimwambia kwa sababu pazia lilitikisika na sikutaka wawili wale wakutane macho mbele yangu.

Kesho yake nikaenda kwa shehe. Nilitaka aniambie cha kufanya, tusome au tusisome. Nikisoma, navimbisha matumbo ya mtaa mzima na damu yangu mwenyewe imo. Nisiposoma, yamekwisha hivihivi. Shehe alisikiliza mpaka mwisho, akanywa maji. "Mwalimu, weye huna haki ya kusamehe wala ya kushitaki. Haki ni ya kijana." Kisha akakohoa. "Na mimi nina vijana wangu, na simu wanazo." Sikumuuliza zaidi.

Mwanangu aliposikia hakufikiri hata kidogo. "Nishawasamehe. Waambieni wasiogope." Akaenda msikitini kwa miguu yake, na baada ya sala ya isha walisimama kwa safu wakampa mkono, muuza samaki, fundi, wa duka la dawa, na binamu yake nyuma kabisa. Aliwapa mkono wote. Waliniambia kwamba shehe alilia. Micheweni nzima ilipumua, na mimi nikapongezwa njiani kwa malezi mema. Muuza samaki akawa ananitilia samaki wa ziada. Matusi yenyewe yalibaki mtandaoni kama yalivyoandikwa. Kila mtu alidhani mwingine kafuta.

Lakini alasiri yake mwanangu hakwenda uwanjani. Wala iliyofuata. Nilimwambia bado wiki mbili majaribio yaanze, akasema sawa. Nilimwambia bado wiki moja, akasema sawa. Mkoba wake niliufunga mimi, nikatia nguo, nikatia na mkate wa kumimina alioupenda. Asubuhi ya boti nilimkuta amekaa kitandani, amevaa kanzu ya nyumbani, na mkoba uko palepale mlangoni nilipouweka.

Nilikasirika. Nilimwambia, "Kama umewasamehe, basi ndiyo yamekwisha. Unakataa nini?"

"Sina kinyongo nao, mama. Wallahi sina."

"Sasa?"

Nje muuza samaki alikuwa akipita, akitusalimu kwa sauti kubwa ya mtu asiye na deni.

"Walipokuwa watu wa mbali n'liweza," alisema. "Huko Unguja n'tasimama golini watu wanipigie kelele, na mie n'taisikia katika kila kelele sauti ya mtu ninayemjua."

Boti iliondoka. Nilikaa pale chini karibu na miguu yake, mimi niliyewafundisha wote wale kuandika, nikaufungua mkoba, nikamkatia mkate.