Kijana wa Kitabuni na Gugu Maji

Shule niliishia darasa la saba. Mengine nimejifunza kwa kusoma polepole, kamusi ikiwa pembeni. Nilipoanza kusoma riwaya na binti yangu wa miaka kumi na miwili, nilifuata utaratibu wangu wa kutengeneza cherehani kule Mirongo: hufungui sehemu ya pili kabla hujaielewa ya kwanza. Riwaya ilimhusu kijana aliyepotea msituni peke yake. Kila tulipomaliza sura nilimuuliza swali lilelile: amebadilika nini? Alijibu nilivyotaka. Amekuwa jasiri. Amekuwa mvumilivu. Niliamini kwamba shida humkomaza mtoto, na niliamini hivyo nikiwa nimekaa kwenye kiti.

Jumapili moja tulikwenda kumsalimia mama yangu, anayeishi kwenye kisiwa kidogo cha ziwani kinachoonekana kutoka kwetu Ilemela. Alitukawiza kwa chakula, tukaondoka mchana. Binti alimwamkia mwenye mtumbwi, akaketi katikati na kitabu mapajani. Mzee akaitikia marahaba, kisha akamuuliza kama hicho kitabu kinaelea, maana jaketi la kuelea lilikuwa moja tu na amelivaa yeye mwenyewe. Binti akacheka.

Tulishaanza kuona mapaa ya nyumba za kwetu upepo ulipogeuka na kuvuma kuelekea nchi kavu. Ulileta gugu maji, kwanza vipande vipande, kisha zulia zima, likatufunga pande zote. Mzee akazima injini ili majani yasijisokote kwenye pangaboi. Akajaribu kasia, likazama kwenye mizizi na halikusukuma kitu. Upepo ulitusogeza, sisi na majani yote, kuelekea kwenye mawe ya ufukweni.

Ndipo tukasikia pumzi nzito, ya puani, ikitoka ndani ya majani upande wa kushoto. Hatukuona kitu. Mzee aliyekuwa akitutania alishusha kiganja taratibu, tusitikisike.

"Kiboko," alisema kwa sauti ya chini. "Mkono usitoke nje ya mtumbwi."

Majani yakainuka mahali pamoja, yakashuka. Yakainuka tena, karibu zaidi. Nilitafuta kichwani jambo lolote la maana nililowahi kusoma, sikulipata. Kucha za binti zilikuwa zimezama mkononi mwangu.

"Baba," alinong'ona, "nimebadilika nini?"

Hakuwa akitania. Aliuliza kama mtoto anayetaka kujua kama ana homa. Ubao tuliokalia ulikuwa umelowa maji ya uvuguvugu, na mpaka leo sijui yalikuwa yake au yangu.

Upepo ulilegea jua likiwa limeinama. Zulia likapasuka, ukaonekana mstari mwembamba wa maji, na mzee akatupitisha humo kwa kasia. Mawe yalikuwa karibu kiasi kwamba niliona kinyesi cheupe cha ndege juu yake.

Baada ya hapo binti hakulala bila taa, wala hakukigusa kitabu. Nilikirudia peke yangu. Yule kijana aliogopa kurasa mbili tu, kisha hofu ikamwisha. Nilikifunga.

Wiki zilipita, na kila mama alipopiga simu kuuliza tunakuja lini, nilipata udhuru. Jioni moja binti alikuja akasimama mbele yangu.

"Bibi anatungoja. Twende Jumamosi asubuhi, tulale, turudi Jumapili asubuhi. Majani yanaletwa na upepo wa mchana."

Sauti ilimtetemeka, lakini alifika mwisho wa alichotaka kusema. Nikamwambia Jumamosi nina cherehani nyingi.

"Hata mimi naogopa, baba."

Jumamosi alinitangulia kushuka mwaloni, inapoegeshwa mitumbwi. Maji yalikuwa meupe na matulivu, bila jani hata moja. Aliingia mtumbwini, akashika ukingo kwa mikono yote miwili, akatulia. Mimi nilibaki mchangani nikisikiliza kama kuna kitu kinachopumua, mpaka akanyoosha mkono mmoja kunishika.