Vichwa Nusu vya Kawangware

Aibu yenyewe nitaisema, lakini kwanza mjue nimetoka wapi. Nilipoanza kujifunza kunyoa kule Kambi Muru, Kibera, watu walisema mimi siwezi kunyoa hata kondoo, nitazeeka nikifagia nywele walizokata wenzangu. Leo nina duka langu la kinyozi mtaa wa Olympic, vioo pande mbili, viti vya kuzunguka, na ukutani iko diploma niliyorudi nayo kutoka Kampala (iko kwenye fremu, usiiguse). Vijana wakitaka mtindo wa boksi, nywele zilizonyooka juu kama meza, wanakuja kwangu.

Aliyenianzisha ni Fundi Makokha, rafiki na mwalimu wangu, tuliyemzika kijijini kwao mwezi uliopita. Hakuna mteja aliyekubali nimguse, kwa hivyo Makokha alikaa kitini mwenyewe, akanipa wembe na kichwa chake. Nilimkatakata. Akatembea Kibera nzima na zile alama, na kila aliyemcheka alimjibu, "Kijana anaendelea vizuri."

Sasa, kwao mtu akifa jamaa zake hunyolewa. Ndugu zake saba waliorudi mjini kazini baada ya mazishi walikubaliana wanyolewe Jumapili nje ya nyumba yake Kawangware, halafu saa nane waende ibada ya kumkumbuka. Nani wa kuwanyoa kama si mimi? Hapo ndipo nilipokosea. Mashine ya mkono, ile aliyonipa Makokha, niliiacha dukani, maana niliona mtu wa diploma hawezi kusimama mbele za watu na kitu kinacholia kama panya. Nikabeba ya stima.

Nikavuta waya kutoka dirisha la jirani, nikavaa koti jeupe, na kwa kuwa watazamaji walikuwa wengi nikaongeza madoido: sikumaliza kichwa kimoja kimoja, nilipita kwenye benchi nikinyoa upande wa kushoto wa wote saba, ili nirudi na wa kulia, wainuke pamoja waking'aa. Nilipomaliza kushoto kwa yule wa saba, mashine ikanyamaza.

"Stima imeenda," jirani akasema dirishani. "Hapa ikienda Jumapili, ni mpaka Jumatatu."

Wanjala, kaka mkubwa wa marehemu, akajipapasa kushoto, akajipapasa kulia. "Diploma," akaniita, "hii ndiyo staili ya Kampala?"

Mama Nekesa, mjane wa Makokha, alikuwa ameshafunga kitambaa kwenda kanisani. Nikaona ninamharibia siku ya mume wake. Olympic ni mbali, basi nikatoka mbio kwenda sokoni kuazima vifaa, koti likipepea, na wale saba wakanifuata mbio vilevile (walidhani ninatoroka). Wauza mboga waliacha mizani zao wakasimama kutazama. Kinyozi wa kwanza, Njoroge, alikataa kutoa mashine yake ya mkono kabla ya kuelezwa.

"Nani amewafanyia wazee hivi?"

"Huyu hapa," Wanjala akasema. "Ana karatasi."

Njoroge alicheka mpaka akashikilia mlango, akaita wenzake waje wajionee, na hao hao ndio walioniokoa: Njoroge akatoa mashine yake, mmoja wembe, mwingine makasi, mama wa chai akaleta karai la maji moto. Tukawamalizia pale kando ya barabara, umati ukipiga makofi kila kichwa kilipoisha.

Tuliingia ibadani wimbo wa kwanza ukiimbwa, vichwa saba vikinukia sabuni ya kufulia. Wanjala akamnong'oneza Mama Nekesa. Mama akafunika uso na leso, mabega yakatetemeka, nikajua nimemliza. Kumbe anacheka, kicheko ambacho hatukuwa tumekisikia tangu Makokha alazwe hospitalini.

"Fundi wako aliwahi kumwacha bwana harusi nusu kichwa akaenda kunywa chai," akaniambia. "Umemrithi kabisa."

Nimeapa: mashine ya mkono siiachi tena, na kichwa nikikianza nakimaliza.

Jumatatu nikarudisha mashine, wembe, makasi na karai, tulivyoondoka navyo kwa haraka ya ibada, kila mtu chake na shukrani zake. Wa mwisho alikuwa Njoroge, nikamwuliza nimlipe nini. Akanionyesha kwa kidevu Atieno, msichana anayejifunza kwake, ambaye wateja wanamkimbia.

"Mpe kichwa."

Nikakaa, mimi mwenye diploma. Jioni nilipita Kambi Muru makusudi, kichwa kikiwaka moto, na kila aliyecheka nilimjibu, "Anaendelea vizuri."