Filta kali na makofi ya kwaya

Leo filta yangu mwenyewe imeniumbua mbele ya kanisa zima.

Umeme ulikatika hapa Sikonge katikati ya ibada. Jenereta ikawashwa nyuma ya ukuta, maiki zikaunasa mngurumo wake wote.

Fundi wa sauti ni mimi. Nikasema, "Tulieni." Nikaweka filta ya kuondoa kelele, ile kali kuliko zote kwenye kompyuta.

Mngurumo kimya! Nikakunja nne.

Nilisahau kitu kimoja: filta kali huichambua sauti kwanza, ndipo iitoe, ikiwa imechelewa.

Kwaya wakapiga makofi. Spika nazo zikapiga ya kwao, baadaye. Miguu ya wanakwaya waliokuwa wakicheza ikaanza kugongana.

Mwalimu wa kwaya, Mama Neema, akasimamisha wimbo.

"Mwanangu, nani huyo anatuigiza?"

"Ni filta, mama. Nikiweka nyepesi haitachelewa, ila jenereta itasikika."

"Isikike. Tutaimba juu yake. Kuchelewa ndiko hatukuwezi."

Nikaweka nyepesi.

Jamani, waliimba mpaka vumbi likapanda!

Na fundi bado ni mimi. Rekodi hiyo hapo chini, jenereta imo. Atakayeisikia hiyo jenereta aniandikie.