Kilio cha Zena, Muuza Mawese wa Gatete

Siku yangu ya kwanza kazini, enzi za Wajerumani hapa Rumonge kando ya ziwa, Akida, mkubwa wa serikali kwetu, alinitazama vidole kabla ya kuniuliza jina. "Karani asiye na wino vidoleni ni mgeni tu," akasema. Basi nikajifunza kuchemsha wino: masizi ya chungu na utomvu wa mti, ili ushike karatasi. Kalamu ilikuwa ya tete, herufi za Kiarabu, maneno ya Kiswahili chetu.

Mchana niliandika mashauri ya Akida. Jioni nilitunga hadithi ya Zena, muuza mawese wa Gatete, na siku za soko nikawasomea watu kwenye banda la samaki. Sijui kama ilikuwa nzuri. Mimi nilisoma Kurani tu, chuoni kwa Mwalimu wa hapa, tena kidogo. Lakini jambo moja nililishikilia mbele ya kila mtu: karatasi si ya sala na amri peke yake. Hata mtu wa kubuni ana nafasi yake humo.

Siku moja ya soko, katika hadithi, nikamzamisha Zena ziwani. Kesho yake asubuhi akina mama wakajaa uani kwangu na dagaa wetu, ndagala, na unga wa muhogo, wakatandika mikeka ya matanga.

"Baba Asha, iko nani amekufa?" mke wangu akauliza.

"Zena."

"Zena wa nani?"

"Wa... wangu."

Nusura anipige mwiko.

Mwalimu akanishtaki kwamba nawaliza watu kwa uongo. Nisimwonee: machozi yalikuwa ya kweli. Akida akaniita barazani, nami nikajua usomaji wangu unaweza kufungwa siku ile ile.

"Karani, kuna kifo kwangu sikuarifiwa?"

Kabla sijajibu akasimama Mama Mwajuma, mkausha samaki. "Akida, Zena hakuzaliwa, tunajua. Hatuko wajinga. Lakini mume wangu ziwa lilimchukua, halikumrudisha. Sikupata kaburi la kulilia. Jana nimelia, nikatosheka. Sasa nataka kusikia mawese yake atauza nani!"

Baraza zima likacheka, Mwalimu naye, huku akijifuta macho.

"Soma," Akida akasema. "Lakini asife mtu tena bila ruhusa yangu!"

Baadaye akanipeleka kikazi Kabonga, kijiji kingine cha ziwani, na huko nako nikafungua usomaji kwa wavuvi.

Leo macho yamechoka, kalamu nimeiweka. Vijana mnaniita mtunzi, nami bado nasita, maana sentensi nyingi nilizosifiwa niliziokota midomoni mwa akina mama wale. Amri ya Akida niliitii mpaka alipohamishwa. Soko lililofuata nikaua wawili. Mikeka ikajaa uani, na aliyeanza kulia ni mke wangu.