Maji ya Mara ya Nne

Katika maabara ile ya ghorofa ya tatu, mtu mwenye mkono msafi kuliko wote alikuwa fundi wa maabara wa makamo ambaye wote, hata profesa akiwa na shida, walimwita Shangazi. Kabla ya hapo alipima damu hospitalini miaka kumi na sita, na huko jambo moja lilimwingia mifupani: uchafu kidogo kwenye kichupa unaweza kumbambikia mtu ugonjwa asio nao. Basi yeye na kuosha wakawa pete na kidole. Nyumbani, wifi yake aliyeishi naye alikuwa akificha kikombe chake cha chai kabla hakijanyakuliwa na kupelekwa sinki kikiwa bado na chai.

Kazi ya maabara ile ilikuwa kuchunguza namna seli inavyopata habari. Seli ina ngozi yake, na kwenye ngozi hiyo kuna protini zinazopokea habari kutoka nje, kwa mfano kwamba pana jeraha na seli zinatakiwa zigawanyike. Lakini kipokezi kimechomekwa pale pale, hakiwezi kuingia ndani kuwaita wafanyakazi. Hapo ndipo protini viunganishi vinapohitajika. Kiunganishi hakikati, hakichomi wala hakijengi. Kinashika tu: mkono mmoja kwa kipokezi, mkono mwingine kwa protini mfanyakazi, na wawili hao wakisogezwa karibu habari inapita. Kikiondolewa, seli inakuwa kiziwi. Vitabu vya shule huvisifu vimeng'enya, protini zinazokata na kujenga, kurasa nzima, halafu viunganishi vinatupiwa sentensi moja. Ni dhuluma kama dhuluma nyingine.

Mwanafunzi mmoja wa shahada ya udaktari, binti waliyempa jina la Mtarajiwa, alikuwa na miaka miwili akifuatilia kiunganishi kimoja tu. Aliamini kwamba kinamshika mfanyakazi fulani anayehusika na kupona kwa vidonda. Yeye aliotesha seli, Shangazi akafanya jaribio. Alichanganya maji ya seli na shanga ndogo kama vumbi, zilizopakwa kingamwili ya kunasa kiunganishi. Kiunganishi kikinaswa, kilichoshikana nacho huja pamoja nacho. Kisha unaziosha shanga, kila protini inatenganishwa kwa umeme kwenye jeli, na mwisho unapata picha yenye mistari myeusi.

Picha za mwanzo zilionyesha mstari wa mfanyakazi, ila katikati ya madoa.

"Shangazi, hii ni picha au kuna mtu kamwaga kahawa?" Mtarajiwa alitania.

Utani huo ulimkaa Shangazi rohoni. Utaratibu ulisema aoshe mara tatu kwa maji yenye chumvi kidogo. Akaosha hizo tatu, kisha akaongeza tatu nyingine kwa maji ya chumvi kali. Kwenye daftari aliendelea kuandika "tatu", maana kwake usafi wa ziada haukuwa jambo la kuandikwa, kama vile mtu haandiki kwamba kanawa mikono.

Picha zikawa safi kama kioo. Mstari nao ukatoweka. Miezi minne ikapita hivyo, mpaka profesa akasema: "Ijumaa tukikutana bila mstari, mradi huu tunaufunga. Zile picha za mwanzo zilikuwa uchafu tu."

Jumanne ya wiki hiyo jioni, wifi yake alimkuta Shangazi akisugua kikaango kipya.

"Wifi, mafuta yametoka zamani. Sasa unakula kikaango chenyewe, tazama rangi."

"Kazi yako kuchungulia tu."

"Nachungulia changu. Nilikinunua mimi."

Shangazi alitazama maji kwenye beseni. Yalikuwa na chembe nyeusi. Akaacha kusugua.

Jumatano alifanya jaribio kama kawaida, ila maji ya kuoshea hakuyamwaga. Aliyaweka kwenye vichupa sita, akavipa namba, na yote akayapitisha kwenye jeli. Alhamisi asubuhi picha ikatoka. Maji ya kwanza yalijaa takataka, ya pili kidogo, ya tatu hayakuwa na kitu. Ya nne, pale chumvi kali ilipoanza, yalikuwa na mstari mmoja mweusi, umenyooka. Mfanyakazi alikuwa ameshikwa muda wote. Ni Shangazi mwenyewe, kwa chumvi yake kali, aliyekuwa akiwaachanisha na kummwaga mfanyakazi kwenye sinki.

Hakuna aliyejua. Angeweza kurudi kwenye kuosha mara tatu, mstari ukajirudia wenyewe, na jina lake likabaki palepale. Lakini profesa angeuliza kwa nini umerudi, na bila sababu angeuita uchafu tena. Alikaa na picha ile mpaka chai ikapoa, kisha akaenda kwenye meza ya Mtarajiwa.

"Mwanangu, kiunganishi chako hakina kosa. Mimi ndiye niliyekuwa nambandua mwenzake."

Alimweleza yote. Mtarajiwa alishika picha ile kwa mikono miwili.

"Mara sita?"

"Sita."

"Miezi minne, Shangazi. Nimeshaandika barua ya kuacha."

"Najua. Nikasirikie, una haki. Ila kwanza tuipeleke hii kwa profesa."

Profesa aliisoma kutoka kichupa cha kwanza hadi cha sita, akarudi tena cha nne. "Mama, hili ni jaribio bora kuliko yote tuliyofanya mwaka huu," alisema, "na daftari letu ni uongo mtupu. Mradi unaendelea. Lakini kila ukurasa usahihishwe, na sahihi yako iwe pembeni."

Mchana ule walikaa wawili, Mtarajiwa akisoma tarehe kwa sauti kavu, Shangazi akikata "tatu" kwa kalamu nyekundu na kuandika "sita". Kurasa arobaini na moja. Kwenye ukurasa wa kumi na tisa kalamu ilisimama.

"Nini tena?"

"Siku hii nakumbuka niliosha mara saba."

Mtarajiwa aliinamia ukurasa, akaisoma tarehe ile tena.

"Andika saba," alisema, akafunua ukurasa.